Maji Yalipojaa Siku ya Nikahi

Niliondoka nyumbani Bagamoyo saa mbili asubuhi, siku ya nikahi ya mdogo wangu wa kike, kwa baiskeli ya gia niliyoinunua kwa jasho langu. Mjomba alinikuta mlangoni nikijaza upepo.

"Leo?" aliuliza. "Na mwenye kuozesha ni wewe?"

"Nikahi ni baada ya alasiri, Mjomba. Saa tisa niko nyumbani naoga."

Baba na babu wamekwisha kufariki, na kwa baba na mama tumezaliwa wawili tu, kwa hiyo uwalii wa kumwozesha uliniangukia mimi. Niliona umefika panapostahili. Miaka kumi na moja nilikaa Maskati. Niliingia jikoni kuosha masufuria, nikatoka na stashahada ya uendeshaji wa hoteli niliyoisomea baada ya zamu, wenzangu wakiwa wamelala. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba ya wageni niliyoifungua niliporudi ni yangu tofali kwa tofali, na sasa nilikuwa naitafutia wageni wangu njia ya baiskeli, siku nzima ya kwenda taratibu ufukweni kuelekea kusini. Tena nyumbani hapakukalika. Wanawake walikwisha kuitwaa nyumba, na mwanamume akionekana amekaa hutumwa ndimu.

Asubuhi ilikuwa njema. Baada ya Kaole bahari ilikuwa imetoka, mchanga mgumu kama sakafu. Nilivuka mkono wa bahari uliopita kati ya mikoko, maji yakinifika vifundoni. Kijiji cha ng'ambo nilikula muhogo wa nazi na changu wa kukaanga, nikaandika daftarini penye kivuli, penye choo safi, na penye mchanga unaomeza gurudumu.

Hesabu ya maji niliifanya kama alivyonifundisha babu. Ukijua mwezi mwandamo una siku ngapi, unajua bahari inatoka na kujaa saa ngapi, na kila siku inachelewa karibu robo tatu ya saa. Simu yangu ilisema siku ya tano. Kwa siku ya tano, nilikuwa na nafasi ya kuvuka mpaka saa nane.

Saa nane kasorobo nilifika pale pale, nikakuta mikoko imezama kiunoni.

Mama mmoja alikuwa ukingoni akianika mwani pamoja na wenzake wawili. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua macho.

"Mama, maji yamewahi leo?"

"Yamekuja saa yake."

"Si mwezi siku ya tano leo?"

"Nne. Tumeuona wenyewe, kwa macho haya. Hiyo tano ya wapi?"

Nikaitazama simu. Kalenda yake ya Kiislamu niliiweka nikiwa Uarabuni, na kule mwezi uliandama siku moja kabla ya kwetu. Sikuwahi kuibadilisha, ikanipunja robo tatu ya saa.

"Ya Maskati," nilisema.

"Basi na apite kwa maji ya Maskati," mmoja wa wale wenzake akasema, wakacheka.

Nikajaribu. Hatua ya nne mchanga ulikwisha chini ya mguu, maji yakanifika kifuani, na mkondo ukaivuta baiskeli kama mtu anayeidai. Nikarudi nikiikokota.

"Toka huko," yule mama alisema. "Yanajaa mpaka magharibi hayo. Kupita kwa miguu ni baada ya isha. Una haraka ya nini?"

"Naozesha baada ya alasiri. Mdogo wangu."

Akaweka mwani chini. Hakuna aliyecheka tena.

"Walii ndiye wewe, nawe umekuja kutembea." Hakuwa anauliza. "Pita hapo mikoroshoni, usiiache njia ya magari, utatokea lami. Kaza."

Nilikaza. Penye mchanga nilishuka nikasukuma, nikapanda, nikashuka tena. Simu haikushika mtandao mpaka nilipoiona lami.

"Mjomba, nimefika lami."

"Lami ya wapi?"

"Upande wa Mapinga."

Nyuma yake nilisikia dufu likipigwa. "Nipe wakala kwa simu, shehe aozeshe kwa niaba yako. Inafaa kisheria."

Nilijua inafaa. Lakini baba walimzika mimi nikiwa zamuni, na habari niliipokea kwa simu hiyo hiyo, mikono ina sabuni.

"Nisubirini."

"Bwana harusi kesha vaa joho, jasho linamtoka. Kahawa ikiisha hujafika, unanipa wakala. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Alasiri niliiswali msikiti wa njiani. Mungu anisamehe, rakaa zote nne nilikuwa nahesabu kilomita. Kila lori lililonipita niliona limembeba mwenye bahati kuliko mimi. Miguu ilikwisha nguvu, nikaendelea kwa hofu tu.

Nilipoingia uani, vikombe vilikuwa vinakusanywa. Mjomba alinivisha kanzu yake juu ya chumvi na vumbi, akanisukuma ndani pamoja na mashahidi wawili kwenda kuomba ridhaa ya bibi harusi.

Alikuwa amekaa kitandani, hina imemfika viwikoni. Nilimuuliza kama ameridhia nimwozeshe. Aliinua macho akaniangalia.

"Nilidhani umeondoka tena," alisema taratibu, mashahidi wasisikie.

Nilikuwa na maelezo tayari, ya mwezi na ya maji. Sikuyatoa.

"Nipo," nilisema.

"Basi nimeridhia."

Nikatoka barazani, nikakaa mbele ya bwana harusi, nikampa mkono.