Nyumba ya Tanganyika ambayo baba aliichora kwa majivu uwanjani kwetu Munje

Wakuu, shikamooni mnaostahiki. Na wadogo zangu, marahaba hata kabla hamjaniamkia.

Humu ndani mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo leo. Juzi nimepita kwenye uzi wa kijana mmoja anayetaka kujenga ughaibuni. Amebandika ramani, vigae, geti la kufunguka lenyewe, watu wamemmiminia pongezi. Nikacheka peke yangu mpaka chai ikanipalia. Si kumdharau, la hasha. Nilimkumbuka baba yangu.

Haya nitakayoyasema nimeyaona kwa macho haya, sikusimuliwa na mtu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo herufi zikirukana mnistahamili.

Mimi ni mtu wa Munje, huku Msambweni. Jina langu Mejumaa. Wakati huo nilikuwa msichana wa kutumwa dukani, kifungua mimba wa nyumba yetu.

Tanganyika walikuwa wameshapandisha bendera yao. Sisi Kenya tulikuwa bado tunangoja, na huku mwambao ndiyo kabisa, kila baraza watu wanabishana kesho tutakuwa wa nani, wa Kenya au wa Sultani.

Baba alikuwa mchuuzi wa mbata, zile nazi zilizokaushwa, akizipeleka mpaka Tanga. Katika safari zake akapitia Moa, ng'ambo kidogo tu ya mpaka. Alikuwa na rafiki yake huko, Bwana Rashidi. Huyo Bwana Rashidi akamwonyesha kiwanja kilicho karibu na bahari, akamwambia, "Bwana, hapa jenga."

Wacha weee! Baba aliyerudi nyumbani hakuwa yule aliyeondoka.

Ijumaa moja baada ya swala alichukua kata ya majivu jikoni, akaanza kuichora nyumba ya Moa pale uwanjani kwetu. Si mfano mdogo, ni kwa ukubwa wake wenyewe. Anapima kwa hatua, anamwaga majivu, anarudi nyuma kuitazama, hajaridhika, anausogeza ukuta.

"Hapa baraza. Hapa ukumbi, na taa ya karabai itaning'inia hapa. Hiki chumba cha mama yenu, dirisha linatazama bahari. Hapa wageni. Na hapa katikati, ua."

Sisi wa kibatari tunaambiwa taa ya karabai! Tulikuwa tunaangalia juu hewani kabisa, kuitafuta inaponing'inia.

Sharti lilikuwa moja, usipite ukutani. Mlango ulikuwa mwanya kwenye mstari wa majivu, umeelekea kisimani. Ukitoka kuteka maji na ndoo kichwani unafuata mpaka hapo, unapiga hodi, na baba aliyejilaza mkekani "ukumbini" anakuitikia karibu. Mdogo wangu mmoja alikatisha siku moja akikimbilia chakula. Baba alimrudisha kisimani akamwambia, "Umenitoboa ukuta, wewe! Rudi uingie kama mtu."

Asubuhi mama anafagia uwanja, kama wanawake wote wa kwetu, na nyumba inakwenda na ufagio. Baba hakukasirika. Ijumaa ikifika anaichora tena, na kila akiichora inaongezeka. Mara ghala la mbata, mara banda la bata, mara chumba cha bibi ambaye alikuwa ameshafariki. Tukamuuliza chumba cha bibi cha nini, akasema nyumba kubwa haikosi matumizi.

Wakuu, nimelala kwenye nyumba nyingi za mawe tangu hapo. Hakuna niliyoipenda kama ile. Jua la mchana likiwa kali najilaza upande wa chumba chetu, nafumba macho, nausikia upepo wa Moa unaingia dirishani. Na Moa kwenyewe sijafika!

Sasa mama.

Mama alipita ukutani.

Anatoka jikoni na chungu, anakata chumba cha wageni, anakata ukumbi, kimya kimya, nyayo zake zinabeba majivu. Baba anamtazama tu. Bila mama hakukuwa na kuhama, hilo sote tulilijua.

Niwaeleze kwa nini. Kwetu mtoto akizaliwa, kitovu chake kilikuwa kinafukiwa, na hapo hapo unapandwa mnazi. Mimi nina wangu. Aliyenifuata, mdogo wangu Mishi, naye alipandiwa wake, karibu na kisima. Mishi alishikwa na homa akafariki, hajaanza hata kung'oka meno ya utoto. Mnazi wake ukabaki.

Mama akiosha vyombo, maji atayamwaga pale. Akiosha mchele, pale. Miaka hiyo ninayoisema ndio kwanza ulikuwa umeanza kuzaa.

Siku alipofungua mdomo alisema maneno machache tu.

"Baba Mejumaa, wewe nenda. Mimi mwanangu nimwache na nani?"

Ijumaa ile baba hakuchora.

Hakumlazimisha, namsifu kwa hilo. Zikapita siku nyingi. Halafu asubuhi moja mama mwenyewe alimwita mkwezi, akamwambia amwangulie nazi moja kwenye mnazi wa Mishi, iliyokomaa vizuri. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda kuilaza penye unyevunyevu, karibu na mtungi wa kuogea. Baba alipoiona alizunguka nyuma ya jiko, nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya kikoi.

Kwa msiojua, nazi ikichipua, ndani yake hujaa kitu cheupe, laini, kitamu, tunakiita joya. Watoto wa pwani kwa joya wanaweza kupigana mpaka damu. Wadogo zangu walikuwa wakiizungukazunguka ile nazi na mate yanawatoka. Mama akawaambia atakayeigusa atahama yeye kabla nyumba haijahama.

Chipukizi likatoka, likafungua majani. Mama akamwambia baba, "Mtangulize. Akishika ardhi, mimi ninakuja."

Akanichagua mimi niubebe mche.

Tulipanda lori la mbata mpaka Lunga Lunga, kisha tukavuka kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kuiona nchi ya kigeni. Nilidhani kutakuwa na kamba, au ardhi itabadilika rangi. Wapi! Mchanga ule ule, makuti yale yale, mama mmoja akaniita "mwanangu" akanipa maji ya kunywa. Nikamuuliza baba Tanganyika inaanzia wapi, akasema tumo ndani zamani.

Na kiwanja, wakuu, kilikuwa kizuri kweli. Upepo ulikuwa ndio ule ule niliousikia nikiwa nimefumba macho. Baba alinishika mkono akanitembeza, hapa baraza, hapa ukumbi, na sikuhitaji kuonyeshwa, nilikuwa naijua. Nikajikuta nazunguka kuutafuta mlango.

Bwana Rashidi alitupokea kwa furaha, akatulisha wali na samaki. Tulipomaliza kunawa, baba akaomba jembe.

"La nini, bwana?"

"La huu mche. Nyumba haijaanza, lakini mwenyewe ametangulia."

Bwana Rashidi akautazama mche miguuni pangu, kisha akakaa chini.

"Ndugu yangu, nimekwambia jenga, na neno langu silirudishi. Mihogo lima, mahindi lima, ufuta lima. Lakini mnazi usipande."

Watu wa bara mtashangaa, mche mmoja tu una nini? Huku kwetu ardhi ni kitu chake na mnazi ni kitu chake. Ardhi inaweza kuwa yangu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wako, na wajukuu zako watakuja kuangua, siwezi kuwafukuza. Mgeni hupewa pa kujenga kwa moyo mweupe, kwa sababu nyumba ya udongo ikianguka imeanguka. Akipanda mnazi, amekuwa mwenyeji.

Kwa hivyo maana ya lile neno ilikuwa hii: utakaa kwetu mpaka uzeeke, tutakupenda, tutakuzika, lakini utakuwa mgeni wetu.

Wala sikumchukia Bwana Rashidi. Ardhi haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya ukoo. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kulia. "Utakuta watoto wetu wanagombana," akasema, "na mimi na wewe hatupo."

Na kinachoniuma ni kwamba baba alilijua hili kuliko mtu yeyote! Palikuwa na mzee mmoja kutoka Mkongani aliyekuja kuishi pembeni mwa shamba letu. Baba ndiye aliyemwambia, kwa mdomo wake, mbele yangu: lima utakacho, mnazi usipande. Yule mzee akaitikia ewallah, akalima mihogo yake. Lakini baba alipoambiwa "jenga" kule Moa, alishaanza kuona dirisha na bahari. Aliuliza maji, aliuliza mchanga, aliuliza hata kibla kiko upande gani. La mnazi halikumjia kabisa.

Hakubishana. Alishukuru kwa chakula, akamwombea mwenyeji wetu dua, akaniambia, "Mejumaa, mbebe mdogo wako, twende."

Njia nzima alitangulia mbele yangu.

Tulipofika Munje alikwenda kukaa chini katikati ya uwanja, na vumbi lake, na viatu mkononi. Mama akatoka jikoni. Akautazama mche nilioupakata, akamtazama baba.

"Wamesema tusipande," nikamwambia.

Nilidhani atafurahi. Si ndicho alichokuwa akikitaka, kubaki? Mama hakufurahi hata kidogo. Alirudi jikoni, na alipotoka alikuwa na kata ya majivu.

Akaanza kuichora nyumba, kumzunguka baba pale pale alipokaa.

Ilikuwa imepindapinda, jamani. Ghala la mbata alilisahau, chumba cha wageni kikawa kama kabati. Lakini baraza aliliweka, ukumbi aliuweka, na mwanya wa mlango ukaelekea kisimani. Alipomaliza akaja akauchukua mche mikononi mwangu, akatoka nje ya mstari, akazunguka mpaka mlangoni. Akajitanda kanga yake sawasawa.

"Hodi, mwenye nyumba."

Baba aliinua uso, akamtazama pale mlangoni.

"Hodi," mama akarudia.

"Karibu," baba akasema, huku analia waziwazi mbele yetu.

Akaingia kwa mlangoni. Mara yake ya kwanza. Akamuuliza, "Ua ulisema uko wapi?" Baba akamwonyesha kwa kidole, wakachimba pale wawili hao, wakaupanda.

Bendera yetu nayo ikaja ikapanda. Watu walikwenda Msambweni kuimba na kucheza, baba akabaki nyuma akiumwagilia maji mche. Nyumba hakuichora tena, na hakuna aliyemwomba aichore.

Wazazi wangu wote wawili wametangulia mbele ya haki. Ile nyumba ya udongo tulimolelewa iliangushwa na mvua ya masika. Minazi ya Mishi iko yote miwili, na ule wa uwanjani mpaka leo tunauangua.

Sasa wewe kijana wa vigae na geti, usinielewe vibaya. Jenga, mwanangu, na kuota ni haki yako. Ila kabla hujauliza bei ya kiwanja, waulize wenyeji kama watakuruhusu kupanda kitu kitakachoishi kuliko wewe. Jawabu lao ndilo litakalokwambia unakwenda kuhamia au kutembea.

Nanyi mlioko nje miaka mingi, hebu niambieni, huko mliko mmepanda nini? Nitasoma komenti zote, pole pole, kwa kidole changu hiki kimoja.

Mama aliishi sana baada ya baba. Mpaka miguu ilipomkataa kabisa, akitoka jikoni kwenda kwenye ule mnazi hakukatisha uwanja hata siku moja. Alizunguka mpaka pale penye mlango, akasema hodi, akasubiri kidogo, ndipo akaingia.