Gauni Lililopinda kwenye Hanga

Ukitaka kumkasirisha fundi Ndambuki, ingia kibandani kwake pale Kitengela, simama wima kama nguzo ya stima, kisha umwambie akupime. Hatakupima. Atakutazama juu ya miwani yake, ile ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa uzi wa cherehani, halafu atasema yale maneno mawili ambayo mtaa mzima umeyageuza mzaha: "Tembea kwanza." Na utatembea, upende usipende, kutoka kwenye mashine yake hadi mlango wa agroveti jirani, lile duka la dawa za mifugo, kisha urudi. Wako wanaume wazima waliokataa, wakaenda kushonewa suti kwingine. Ndambuki huwaaga vizuri tu. Husema suti yenyewe itawajibu Jumapili.

Msimwite mzee wa watu kichaa, ana sababu yake. Mama yake huko Ukambani alibeba maji mgongoni tangu usichana, kamba ikimkaza kwenye kipaji cha uso, hadi bega moja likashuka lisipande tena. Kila fundi alimpima akiwa amesimama, na mama wa watu mbele ya fundi alijinyoosha kwa adabu. Akitoka mlangoni tu, bega linashuka, gauni linaenda upande, shimizi inachungulia, na kina mama kanisani wanagusana viwiko. Ndambuki aliyaona hayo akiwa mtoto na yalimuuma. Siku alipojua kukata, gauni la kwanza alilolikata peke yake lilikuwa la mama yake, na alilikata baada ya kumfuata nyuma njia yote ya kisimani. Mama alilivaa hadi likaisha.

Basi siku moja mwaka jana akaingia Gathoni, Mama Valerie, na balaa likaanza.

Huyu Gathoni ni mjane anayefanya biashara ya mbuzi. Siku ya soko utampata Bisil amefika kabla ya jua kukaza, anafungua mbuzi midomo na kusoma meno kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Wafugaji wa Kimaasai humwamkia "Takwenya" naye huitika "Iko" kama aliyezaliwa papo hapo. Kudanganywa kwa mbuzi? Thubutu. Lakini miaka kumi na mitano iliyopita fahali mmoja alimbana kwenye mbao za kupandishia ng'ombe kwenye lori. Nyonga ilipona vibaya, na mguu wa kushoto ukabaki mfupi kwa vidole viwili. Muda si mrefu baadaye, kwenye ruracio ya jirani, sherehe ya kupeleka mahari, mtoto mmoja aliuiga mwendo wake na watu wazima wakacheka. Gathoni naye alicheka nao, akaenda nyumbani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akikatiza mbele ya watu kama anaweza kuepuka. Sokoni ni sawa, sokoni watu wanaangalia mbuzi. Kanisani hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Binti yake Valerie alipohitimu uuguzi, Gathoni aliangalia sherehe akiwa ndani ya gari.

Sasa Valerie, anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa amemlipia mama yake safari ya meli ya starehe waende pamoja, siku saba baharini, kwa kutimiza miaka sabini. Gathoni alisimama kibandani ameshika simu mbali na macho, akamsomea fundi masharti. Katika siku hizo saba kulikuwa na usiku mara mbili wa kuvaa rasmi. Wanaume ni suti nyeusi na tai. Wanawake ni gauni refu, la kufika chini. Jinzi hapana, kandambili hapana. Aje na shali kwa sababu ukumbi wa chakula una baridi ya mashine, na viatu vifupi kwa sababu meli huyumba. Mwisho wa ujumbe, Valerie alikuwa ameandika kwamba ukumbi huo uko chini ya ngazi kubwa, watu hushuka wawili wawili wakipigwa picha, na kwamba hiyo picha ndiyo zawadi pekee anayoitaka kwa mama yake.

"Nitashonewa gauni, lakini kwa ngazi sishuki," Gathoni alisema. "Nitakula kwa chumba."

Ndambuki hakubishana naye habari za ngazi. Alisema tu yale maneno yake mawili.

Lo! Mama wa watu aliwaka. Alimuuliza kama macho yake yameharibika, kama hajui anaongea na nani, kama amemwona yeye ng'ombe wa kutembezwa mnadani. Ndambuki akakaza uso, akasema bila mwendo hapimi. Gathoni akashika mkoba wake akatoka kwa hasira, akapita agroveti, akakata barabara mchana kweupe, akapita duka la vitambaa la Hodo, bila kukumbuka kwamba watu wana macho. Ndambuki alisimama mlangoni akamtazama hadi alipopotelea kwenye kona. Kisha akaketi, akatoa daftari lake na kuandika kwa dakika kumi nzima.

Wiki mbili Gathoni alizunguka maduka akijaribu magauni yaliyoshonwa tayari. Yote yalikuwa mazuri hadi apige hatua, ndipo upande wa kushoto unapofagia sakafu. Akarudi kwa Ndambuki amenuna, akasema haya basi, atatembea, lakini kwanza wafunge pazia. Ndambuki alimwonyesha karatasi za kukatia gauni lake, zimekwisha kukatwa.

"Mama Valerie, wewe ulishatembea," alimwambia. "Siku ile ulinikasirikia. Sijawahi kuona mtu akitembea vizuri hivyo."

Hasira na kicheko viligombania uso wa Gathoni. Kicheko kilishinda, ila alimpa sharti moja, na hapo hakuwa anacheka: "Huu mguu wangu usitoke kwa mdomo wako. Kwa mtu yeyote."

"Hautatoka," alisema Ndambuki.

Kitambaa alikichagua Hodo, maana hakuna anayejua vitambaa vya sherehe kama mama huyo wa Kisomali. Kilikuwa cha samawati iliyoiva, kizito, kinachoanguka chenyewe bila kushikana na mwili. Akamwongezea shali yenye uzi wa fedha, akasema baridi ya meli isimkute mteja wake. Ndambuki alishona siku tisa. Alipunguza kidogo kiunoni upande wa kushoto, akalipandisha pindo vidole viwili upande huohuo, akalishonea bitana ya kulitia uzito lisirukeruke. Likiwa limetundikwa kwenye hanga, gauni lile lilionekana limeshonwa na mlevi. Gathoni alipolivaa nyuma ya pazia na kupiga hatua nne, pindo lilitulia likalingana na sakafu kila upande. Alitembea tena. Akatembea mara ya tatu, na hakuwa ameambiwa. Lakini alipoulizwa kuhusu ngazi alisema tutaona, na kwa Mkikuyu wa soko la mbuzi tutaona ni hapana iliyovaa shati.

Sasa sikia kilichomfika fundi. Gathoni alimwachia gauni Phylis alipige pasi ya mvuke, kwa kuwa Phylis ana duka la dobi mtaa wa pili. Phylis si mtu mbaya. Ana kidomodomo tu, tena ni mwenyekiti wa kwaya, na mwenyekiti wa kwaya akinong'ona husikika hadi Isinya. Alilitundika gauni, akaliona lilivyopinda, akashika kiuno. Alilibeba juujuu kwenye hanga yake, akapita nalo barabara nzima na wanakwaya watatu nyuma yake, hadi kibandani.

Alimpasha fundi mbele ya wateja. Kwamba mama wa watu anakwenda kukaa na wazungu melini na amevalishwa aibu. Kwamba fundi amezeeka, haoni, mambo yake ya kutembeza watu ni kuficha kutojua kazi. Akatandaza tepu kwenye pindo, akaonyesha vile vidole viwili kwa kila aliyetaka kuona. Akataka gauni likatwe sawasawa palepale, haraka, kabla mwenyewe hajajua na kuvunjika moyo wa safari.

Neno moja tu lingemwokoa Ndambuki. Mguu. Aliliona pale mdomoni, lilikuwa fupi na lilikuwa kweli. Lakini penye kuku wengi usimwage mtama, na alikuwa ameahidi. Alinyoosha mkono akalitwaa gauni.

"Sikati," alisema. "Nitampelekea mwenyewe."

Phylis hakungoja zaidi. Kwenye rafu kulikuwa na jora la kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, la kushonea kwaya majoho thelathini ya sikukuu ya kanisa. Wale wanawake walilibeba palepale likaondoka. Hodo aliyaona yote akiwa mlangoni kwake ng'ambo ya barabara.

Ndambuki alilipeleka gauni kwa Gathoni jioni hiyohiyo, limekunjwa ndani ya karatasi safi, akamtakia safari njema. Hakumwambia lolote. Gathoni akapanda ndege hana habari.

Mwezi uliofuata ulikuwa mchungu, tusidanganyane. Walianza kumwita Fundi Mshazari. Bwana harusi mmoja alikuja kuchukua suti yake ikiwa haijawekewa mikono. Watu walipita mbele ya kibanda wakitembea kwa madaha, wanageuka, wanacheka. Mkewe, aliyemjua vizuri kuliko cherehani inavyomjua, alihisi kuna jambo, akamsihi aliseme liishe, kwani linamla nini?

"Si langu," Ndambuki alimjibu. "Ningekuwa na ruhusa ningesema jana."

Iliuma, naye akaendelea kushona sare za watoto wa shule. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, lakini hawakusema dole haliumi.

Jumapili ya sikukuu ya kanisa ikafika. Ndambuki aliketi nyuma kabisa na mkewe. Kwaya ilikuwa mbele ndani ya majoho mapya ya damu ya mzee, yaliyoshonwa na fundi mwingine aliyepima watu wamesimama. Sina nia ya kusema vibaya, lakini joho moja lilikuwa linaonyesha magoti, la pili linafagia, na la Phylis mwenyewe lilikuwa refu nyuma fupi mbele. Kiti cha Gathoni, kile cha kwanza karibu na ukuta, kilikuwa kitupu. Watu walijua amerudi, wakadhani ni uchovu wa safari.

Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye ushuhuda. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kanisa lilikuwa limejaa, na watu mia tatu waligeuza shingo.

Gathoni aliingia amevaa gauni la samawati iliyoiva, shali ya Hodo begani. Alipita katikati, kwenye ile njia ndefu ya maharusi, hakushika kiti wala mkono wa mtu. Alitembea mwendo wake uleule, anaenda chini anapanda juu, hakuuficha. Na lile gauni likatembea naye, pindo limelingana na sakafu kwa kimo kimoja kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Phylis alikuwa anaangalia pindo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainamisha kichwa.

Gathoni alishukuru Mungu kwa safari, halafu akasimulia. Usiku wa kwanza wa kuvaa rasmi alijifungia chumbani akala wali peke yake, na Valerie akarudi kutoka ukumbini macho mekundu. Usiku wa pili alilivaa gauni ili tu kulijaribu. Nje ya chumba kulikuwa na korido ndefu yenye kioo mwisho wake. Akatembea kukifuata kile kioo, na akamwona mwanamke anayemjia, mwanamke wa heshima zake, na hakujua mara moja kuwa ni yeye. Akagonga mlango wa Valerie, akamwambia twende kwa hizo ngazi zako. Picha ipo, alisema, ataizungusha baada ya ibada na kila mtu ataiona.

Kisha sauti yake ikawa ya sokoni.

"Juzi Hodo ameniambia mlichomfanyia fundi wangu. Sasa sikieni. Huu mguu wangu wa kushoto ni mfupi, nimewaficha miaka yote hii, na mimi nilikuwa nimemkataza Ndambuki kuutaja. Mlimtukana, mkamnyang'anya kazi, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe ndiye nautaja leo, ili yeye asiendelee kunilipia."

Mkewe Ndambuki alikuwa analia bila kujificha, akimpiga mumewe gotini kwa ngumi ndogondogo, anamwita mjinga, mjinga wangu wee. Phylis alishuka kutoka kwenye safu ya kwaya na joho lake refu nyuma fupi mbele, akatembea njia nzima hadi kiti cha mwisho, akasimama mbele ya fundi, akamnyooshea mikono yote miwili.

Ndambuki hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinama kando, miwani imemshuka puani, macho yamemfuata Gathoni aliyekuwa anarudi kwenye kiti chake.

"Limepanda kidogo mbele," alimnong'oneza mkewe. "Amenenepa huko. Mwambie apitie Jumatatu nilishushe."