Nusu Siku ya Nabanda

Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili. La, nakosea, themanini na tatu, maana ghala la karanga pale Mchinji, Malawi, lilikuwa limeshaezekwa bati. Nabanda alikuwa akibangua karanga kwa vidole tangu asubuhi hadi jua kuzama, gunia moja kwa siku, huku bustani yake ya bondeni ikikauka kwa kukosa wa kuimwagilia. Ndipo asubuhi moja ikaletwa mashine ya kubangulia, ya kuzungusha kwa mkono.

"Sasa kila mtu magunia matatu," akasema nyapara Chisale. "Na kutoka ni jua likizama, kama kawaida."

"Tukimaliza mapema je, baba?" akauliza Nabanda.

"Nyinyi? Mkimaliza adhuhuri, nendeni hata mkacheze ngoma!"

Wenzake Nabanda wawili, Falesi na Dorika, walitaka kila mmoja aizungushe kwa zamu. Nabanda akakataa. Falesi mwenye mabega akashika mpini, Dorika akamimina karanga, yeye mwenyewe akapepeta.

"Kaza, Falesi!" akahimiza Nabanda. "Au ule ugali wetu wa nsima wa jana haujashuka?"

"Mwambie Dorika amimine! Mkono wangu unamsubiri yeye!"

Vivuli vilipoingia chini ya nyayo, gunia la tisa likashonwa. Chisale akayapima yote, akayapima tena, kisha akafungua mlango.

Vigelegele vikapaa. Nabanda akatoka mbele, ndoo kichwani, bustani ikimngoja. Mlangoni akageuka, akamwuliza Chisale:

"Baba, tusingekuuliza asubuhi, hii nusu siku ingekuwa ya nani?"