Msemee Kwanza

Dada yangu alikuwa mpiga pasi kwa dobi, na vitabu vya wanawe alivipata kwenye karatasi za kufungia nguo. Mwenye duka alinunua karatasi chakavu kwa kilo: magazeti, madaftari ya shule yaliyokwisha, na humo ndani vitabu vya hadithi, vingine havina majalada, vingine vimenyofolewa mwisho. Shati likishapigwa pasi linakunjwa na kufungwa kwa ukurasa wowote ulio karibu. Dada hakuvumilia. Akiona hadithi inakwenda kufungia suruali ya mtu, aliichomoa, akaweka gazeti mahali pake, na jioni akarudi nayo nyumbani inanuka wanga wa kola.

Mimi vitabu sina habari navyo. Nasuka watu nywele, na hadithi zinanifuata pale pale kibarazani bila kuzisoma. Lakini nilipenda kwenda kwa dada jioni kuwasikiliza watoto wake. Wa kwanza tulimwita Wakili, kwa ajili ya mdomo wake. Mdogo wake ni Kitinda, msichana wa maneno machache na macho ya kutosha. Mama yao alisoma, wao wakiwa wamejitupa mkekani, na mhusika akifanya ubaya, tuseme kaiba au kamsaliti nduguye, Kitinda anaruka: "Huyu mbaya!"

"Msemee kwanza," dada anasema. "Ukishamsemea, ndipo umhukumu."

Hapo kinavutwa kigoda cha jikoni. Anayekikalia anakuwa yule mtu, anaeleza anataka nini, ameudhiwa na nani, usingizi unampotelea wapi. Hakuna kumcheka wala kumkatiza. Wakili alikuwa hatari. Siku moja alimsemea mwizi wa mbuzi mpaka mimi, mtu mzima, nikatamani mbuzi yule aachwe huko huko aliko. Dada alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaninong'oneza, "Hawa wangu hawatamtesa mtu, mdogo wangu. Watakuwa wanajua mwenzao anavyoumia."

Aliamini hivyo kabisa. Na huku mwenyewe alikuwa akipigwa.

Shemeji ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mkono wake ulikuwa mwepesi tangu mwanzo wa ndoa, na dada alikuwa na jibu moja kwa kila uvimbe: nimeteleza. Watoto waliambiwa ameteleza, na mimi niliambiwa ameteleza, kana kwamba nyumba ile imepakwa sabuni sakafu nzima. Nilimfokea mpaka koo likanikauka. Aliniambia hataki wanawe wamjue baba yao kwa sura hiyo. Yeye aliyewafundisha kuuliza moyo wa kila mtu, wa kwake aliufungia kabatini na ufunguo akaumeza.

Kisha akaja kwangu siku moja mchana, mkono umevimba, mdomo umepasuka, watoto wako nyuma yake. Watu wakikimbia nyumba hubeba vyombo na nguo. Kwa hawa, Wakili alibeba furushi la vitabu visivyo na majalada, na Kitinda kigoda kichwani. Dada alikaa kitandani kwangu akasema hatarudi tena. Nilifurahi, sifichi. Nilisogeza vitu, nikawatandikia.

Jumapili iliyofuata upande wa shemeji wakaja kwangu kufanya kikao. Mkubwa wao ni kaka yake shemeji, baba mkubwa wa watoto, mtu wa sauti ya upole na masikio ya kusikia anachokitaka. Jambo lilikuwa moja tu: dada arudi kwa mumewe, au abaki kwangu na wanawe. Shemeji alikaa karibu na mlango, ameinamisha kichwa. Dada alikuwa ameniahidi kwamba atasema yote. Alipoulizwa, alifungua mdomo, akawatazama watoto, akasema, "Niliteleza."

Nilitaka kumtikisa. Nikasema mimi, nikaambiwa mambo ya mume na mke niyaache. Nikasema tena. Nikaambiwa nina kelele.

Baba mkubwa akamgeukia Wakili, maana alikuwa akizisifia akili za mtoto huyu kwa watu. "Wewe ndiye mkubwa, mwanangu. Hebu tuambie, nyumbani kuna nini?"

Mtoto alimwangalia mama yake. Kisha akaenda kukivuta kigoda, akakaa katikati ya chumba.

"Mimi ni baba," akasema.

Shemeji akainua kichwa.

"Nashinda nachomelea, na jioni macho yananiwasha kama yametiwa mchanga. Bosi ananitukana mbele ya vijana niliowafundisha kazi mwenyewe. Siwezi kumjibu, nitamwaga unga. Nikikaribia nyumbani nawasikia mke wangu na wanangu wanacheka. Nikifungua mlango, wote kimya. Najua ni mimi ndiye niliyewanyamazisha. Wanasoma vitu ambavyo mimi kuvisoma nababaika, na mke wangu anafunika kitabu ili nisione haya, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mkono ukiinuka, hata mimi naushangaa. Baadaye nalala macho wazi, naogopa kwamba mmoja wao ataniambia mimi ni mbaya."

Shemeji alikuwa analia. Si machozi ya mamba, la, mtu alikuwa anatetemeka mabega. Baba mkubwa alitoa leso. Nikamtazama dada, na sitasahau nilichokiona: alikuwa amejisahau, anatikisa kichwa taratibu, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefanya vizuri sana. Alijivunia. Ilichukua muda mfupi tu, kisha uso ukamshuka.

Kitinda, aliyekuwa miguuni pangu, akasema, "Sasa msemee mama."

Wakili akabaki pale pale kwenye kigoda. "Mimi ni mama," akaanza. Akanyamaza. Akamtazama mama yake, akatazama mikono yake mwenyewe. Tulisubiri. Mtoto aliyewasemea wezi na wasaliti wote wa karatasi za dobi hakuwa na la kusema.

"Sijui," akasema mwishowe. "Mama hatuambiagi kitu."

"Basi," akasema baba mkubwa kwa ile sauti yake ya upole. "Hata mwanawe hana la kumsemea. Tumesikia yote."

Nilimfinya dada. "Sema! Sema sasa hivi!"

"Niseme nini?" akanijibu kwa sauti ya chini. "Mtoto amesema kweli tupu." Akainuka, akachukua mfuko wake. Kitinda akakipandisha kigoda kichwani.

Mwanzoni, waliporudi, shemeji alikuwa kondoo. Alibeba maji, aliulizia shule. Watu wa baba mkubwa walipita kwangu wakinitazama kwa ushindi. Halafu jioni moja shemeji akarudi kutoka kazini akawakuta wanacheka, naye alipofungua mlango wakanyamaza, kama siku zote. Safari hii alichukua kigoda.

Kilimvunja dada taya. Kigoda chenyewe kilipasuka.

Sasa shemeji yuko rumande, na watoto wako kwangu. Baba mkubwa hajakanyaga hospitali. Dada amefungwa waya mdomoni, anakunywa uji kwa mrija, na kusema hawezi. Muuguzi ametufundisha: akikubali anafumba macho, akikataa anayageuzia ukutani.

Wakili hakutaka kwenda kumwona. Alisema ni yeye aliyemrudisha. Nilimwambia si yeye, ni sisi wakubwa tuliokaa tukamfanya mtoto hakimu, lakini alinitazama kama mtu anayepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Jana alasiri alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Aliomba stuli ya muuguzi, akaisogeza kando ya kitanda, akakaa. Nilidhani ameleta kitabu. Hakuleta.

"Mimi ni mama," akasema.

Dada akamtazama.

"Mdomo unaniuma."

Dada akafumba macho.

"Nataka kurudi nyumbani."

Macho yakaenda ukutani.

"Nataka baba asamehewe."

Ukutani. Yalikaa huko muda, nikafikiri amechoka, nikataka kumwambia mtoto inatosha. Wakili alinizuia kwa mkono. Alikuwa anafikiri, kama alivyokuwa akifikiri mkekani, kabla hajasema neno la mwizi wa mbuzi.

"Naogopa," akasema. "Siku zote nilikuwa naogopa, na sikuwaambia wanangu ili wao wasiogope."

Dada akafumba macho, na machozi yakapita pembeni yakaingia masikioni. Hakuyafumbua mpaka kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.