Kioo cha Taa ya Matumbawe

Mimi ni fundi umeme, na ni mwanamke. Hapa Kasongo, mashariki ya Kongo, maneno hayo mawili bado hayajazoea kukaa pamoja. Kazi nilisomea Kindu. Nimefunga pano za jua, yaani paneli za sola, kwenye maduka, kwenye msikiti mmoja, na kwenye nyumba za watu ambao leo wakikutana nami sokoni wananiuliza kama ni mimi yule aliyechoma macho ya mama mzee. Wengine wanauliza wakicheka. Sikumchoma mtu, na nimechoka kulisema hilo kwa mdomo.

Mume wa dada yangu ananunua dhahabu Salamabila. Mwaka mmoja alisafiri Dubai, akalala kwenye hoteli yenye akwariumu ya maji ya chumvi pale mapokezi, na aliporudi hakuwa na habari nyingine. Alitaka bahari ndani ya saloni yake, pale anapopokea wageni. Samaki wa rangi, na zaidi ya samaki, matumbawe, yale aliyoyaita mawe yenye kuchanua.

"Shemeki," nilimwambia, "yale haiko mawe. Iko nyama."

"Nyama namna gani?"

"Nyama ndogo-ndogo za bahari, wanyama wenye midomo. Ndani ya ngozi yao munakaa majani madogo sana, jicho haliyaone. Yale majani yanakula mwanga, na nyama inakula kwa yale majani. Ukikosa taa ya muzuri, yote inakufa na njaa."

Akasema, "Basi taa utachagua weye."

Sitaficha kwamba nilifurahi. Kwa wiki nyingi nilisoma kwenye simu kila mtandao uliposhika. Kulikuwa na njia tatu. Njia ya kwanza ni mirija mirefu myeupe, lakini sanduku la kioo alilolitaka shemeki lilikuwa refu kwenda chini, na mwanga wa mirija ungechoka kabla ya kufika kwenye mchanga. Ya pili ni taa za LED. Zilizopatikana Goma wakati ule hazikuwa na jina wala karatasi, na muuzaji hakuweza kuniambia lolote isipokuwa kwamba zinawaka bluu. Ya tatu ni metal halide, ndugu wa zile taa kubwa za uwanja wa mpira: ampuli, yaani balbu, ndogo yenye gesi, inayopewa umeme na kisanduku kizito kinachoitwa balasti. Inakula umeme na inatoa joto. Lakini mwanga wake unapenya maji mpaka chini na kucheza juu ya mchanga kama jua linavyocheza mtoni saa sita.

Nilichagua hiyo, ya wati mia moja na hamsini, kamili na nyumba yake ya bati na kioo chake cha mbele. Niliitundika juu kuliko walivyotaka, kwa sababu ya joto. Nikaweka feni ndogo ya kupuliza uso wa maji. Nikapanga iwake kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na moja, wakati pano za juu ya nyumba zina nguvu, ili tusitese batri. Na kuhusu kile kioo nilimwambia shemeki mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekigonga kwa kidole:

"Hiki si cha kupamba. Hii ampuli inatoa mwanga mubaya wenye haonekane, kama ule wa kuchomelea vyuma. Kioo ndiyo kinaufunga. Kama kioo kimetoka, taa isiwake hata dakika moja."

"Nimesikia."

Chumvi ya bahari ilikuja katika ndoo. Maji tulikinga ya mvua. Matumbawe yalipanda ndege, yakapanda ndege nyingine ndogo, yakamalizia safari mgongoni mwa mtu wa pikipiki, na karibu nusu yalifika yakiwa yameoza. Yaliyobaki yalishika. Baada ya miezi mitatu yalikuwa na rangi ya kahawia yenye kijani, na yalikuwa yanakua.

Aliyeyapenda zaidi ya wote hakuwa shemeki. Alikuwa mama yake. Nyumbani wanamwita Hadja kwa sababu alikwenda kuhiji. Alizaliwa Nyangwe, kwenye watu wa mitumbwi na nyavu, na siku ya kwanza alipoona wale samaki wa rangi ya chungwa aliniuliza, "Hawa hatuwale?"

"Hatuwale, Mama Hadja. Ni wa kuangalia."

"Samaki wa kuangalia!" Alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini tangu siku hiyo, kila akimaliza sala ya adhuhuri, alivuta kiti chake cha chini mpaka karibu na kioo, akainua uso, akakaa hapo. Aliwajua mmoja mmoja. Alijua nani anamfukuza nani. Alinisimulia ugomvi wao kama habari za majirani.

Kisha akaja injinieri. Shemeki alimwita hivyo. Mimi sijaona diploma yake. Alikuwa mtu wa Goma aliyeuza pampu za maji kwa wachimbaji huko Salamabila, na siku moja alipita Kasongo akala chakula cha mchana nyumbani. Mimi sikuwapo. Dada yangu ndiye aliyenisimulia baadaye. Injinieri alisimama mbele ya akwariumu, akatikisa kichwa, akasema matumbawe ya Dubai yana rangi ya zambarau, haya yana rangi ya matope. "Mwanga uko kidogo. Hiki kioo ndicho kinaukula." Akaomba bisibisi. Shemeki, aliyeniambia "nimesikia" kwa mdomo wake, alimshikia kiti ili apande.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Siku ya pili, Ijumaa, Hadja alikaa kwenye kiti chake tangu adhuhuri hadi alasiri, uso juu.

Jumamosi asubuhi dada alinipigia simu. "Kuya mbio. Mawe ya mume wangu yamekuwa meupe."

Nilifika nikamkuta shemeki amesimama katikati ya saloni. Matumbawe yale ya juu yalikuwa meupe kama mfupa, na mengine yalikuwa yanateremsha ute.

"Angalia kazi yako!" alisema kabla sijamsalimia. "Taa yako imeua nyama zangu zote!"

Niliinua macho. Pale palipokuwa na kioo, niliona ampuli ikiwa wazi. Niligeuka kukitafuta, nikakiona mezani. Walikuwa wamekifanya sinia. Juu yake palikuwa na vikombe viwili vya chai na sahani ya maandazi.

Nilikwenda nikang'oa waya wa taa ukutani, kwa sababu ilikuwa imeunganishwa tayari kwa saa sita. Kisha nikauliza kitu ambacho nilidhani mtu mwingine angekuwa amekwisha kukiuliza.

"Mama Hadja iko wapi?"

"Amelala," alisema shemeki. "Macho inamuuma. Ni uzee. Na leo kuko upepo."

Nilimkuta chumbani, pazia limefungwa, kitambaa chenye maji usoni. Mashavu na paji lake vilikuwa vyekundu, ngozi imekaza. Alisema tangu alfajiri ilikuwa kama mtu amemwagia mchanga ndani ya macho, na akijaribu kuyafungua, machozi yanatoka yenyewe. Walikuwa wamemtuma jirani anayenyonyesha alete maziwa yake, wamemdondoshea machoni. Baada ya hapo wote walirudi saloni kuhesabu matumbawe.

Hasira niliyoipata pale sijawahi kuipata kabla wala baada. Nilirudi saloni.

"Mama yako amechomwa na taa ile ile! Unalilia mawe, na mama yako haone!"

"Usinipigie kelele ndani ya nyumba yangu."

"Nani alitoa kioo?"

Alitazama pembeni. "Injinieri alisema haina neno."

Nilimweka Hadja nyuma yangu kwenye pikipiki, kichwa chake kimefunikwa kanga mbili, nikampeleka dispensari. Muganga alimwangalia kidogo tu, akauliza, "Mama, ulisimama karibu na watu wa kuchomelea vyuma?" Nilimweleza. Alikunja uso. Alisema ameona vijana wengi wa karakana wakiwa hivyo, lakini mama wa umri huu bado. Alimpa dawa, akaagiza akae gizani siku tatu, na akasema kuna matumaini makubwa.

Siku hizo tatu nilikuwa nikienda kumlisha mchana. Na hapo, nikiwa nimeshika kijiko, nilijiona na mimi nina kosa. Nilikuwa nimemwonya mwenye nyumba. Yule aliyekuwa anakaa mbele ya taa kila siku, sikumwambia neno. Kama angejua, angewakataza wasiguse kile kioo. Hadja si mtu wa kuchezewa. Nilimwambia hivyo.

"Unasema kweli," alijibu kutoka gizani. "Mulipanga mambo ya kiti changu bila miye."

Siku ya nne alifungua macho, akaona. Alhamdulillahi. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwita mwanawe, na kwa bahati injinieri alikuwa amepita tena kuuza pampu zake. Tuliketi wote, na wanawake wa nyumba.

"Nani alitoa kioo?" aliuliza.

Injinieri alikohoa. "Mama, ile ni mambo ya teknike."

"Na macho yangu? Nayo ni teknike?"

Shemeki alikubali. Alisema, akitazama mkeka, kwamba mimi nilikuwa nimemwonya. Alisema mbele yetu wanawake. Huko barazani kwa wanaume, ambako habari ilikuwa imekwisha kutembea kwamba mwanamke fundi ameunguza mama wa watu, hakusema chochote. Mwenye duka la vitambaa aliyekuwa amenipa kazi aliichukua, akampa mtu mwingine. Nilimfuata shemeki nikamwomba jambo moja tu: aseme kweli kule kule alikonisema. "Tutaongea," alijibu.

Wiki mbili baadaye dada yangu alikuja kwangu na kifurushi. Ndani kulikuwa na kitenge kizuri, pande sita. "Anasema usikasirike tena."

"Anasema kwa mdomo wake, au kwa kitambaa?"

"Pokea tu, dada. Kwa ajili yangu."

Sikupokea. Alilia, akakifunga tena, akaondoka nacho. Yeye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa katikati, na hilo linaniuma hata sasa. Tulimaliza Ramadhani nzima bila kufuturu pamoja.

Shemeki aliagiza matumbawe mengine, na safari hii ameweka LED. Sijui ni za aina gani, hawajaniuliza. Ile metal halide ninayo mimi, na kioo chake nimekirudishia. Hadja huwa ananijia siku za Jumatano, peke yake, kwa mguu. Anasema samaki wapya hawana adabu, na anakaa nami karakanani kwangu mpaka alasiri, mbali na cheche za kuchomelea.