Kiti cha Kushoto

Wanaume wa Mbinga walimsifu Xavery tu. Upuuzi mtupu! Bila mkewe Tadea, yule bwana angezikwa mapema.

Xavery alikuwa dereva wa Landrova ya ushirika wa kahawa. Kila sikukuu ya Saba Saba, pale uwanjani, alipandisha tairi za kushoto kwenye ubao ulioinamishwa, gari likainuka ubavu, akalizungusha uwanja mzima kwa magurudumu mawili. Kiti cha kushoto, huko juu, alikaa Tadea. Kwenye kila kona alitoa kiwiliwili chote dirishani na kuegemea nje ili gari lisipinduke.

Saba Saba ya mwaka 1968 Tadea alipanda akiwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuwa amemwambia mtu. Alitaka awe na hakika kwanza. Kesho yake ikatoka. Akaizika peke yake nyuma ya nyumba, akamwambia mumewe ni tumbo tu linamsumbua. Mwaka mzima alilia jikoni akisingizia moshi.

Tangu hapo kiti kile kikawa na joto. Gari lililala nje usiku kucha, na baridi ya Mbinga mnaijua, lakini asubuhi Tadea akikikalia alikikuta kina joto, kama mtu ameondoka sasa hivi. Angemwambia nani?

Saba Saba iliyofuata alikuwa na mimba tena.

“Sipandi,” alimwambia mumewe.

“Unaumwa?”

“Nina mimba, Xavery. Sipandi.”

Xavery alifurahi mpaka akamkumbatia mbele za watu. Kisha akawakumbuka wakubwa waliotoka Songea kuja kumtazama. “Basi nitaweka gunia la kahawa.”

“Gunia haliegemei, mume wangu. Acha mwaka huu.”

“Watanicheka!”

Mbishi yule! Akalifunga gunia kitini kwa kamba, akawasha gari.

Landrova ikainuka. Kwenye kona ya kwanza ikazidi kulala, watu wakapiga mayowe, Tadea akajishika tumbo akijua amekuwa mjane. Lahaula! Gari likarudi taratibu, palepale ambapo yeye angeegemea. Kona ya pili, vilevile. Dirishani hapakuwa na mtu, ni gunia tu.

Mzunguko wa tatu Xavery alitaka kulishusha. Likakataa. Akakata usukani huku, akakata kule, jasho linamtoka, na gari linazunguka tu ubavu. Watu waliokuwa wakishangilia wakanyamaza mmoja mmoja. Tadea aliogopa, kwa sababu alishaelewa. Akasogea hadi kwenye kamba ya uwanja.

“Mwachie, mwanangu,” akasema kwa sauti ya chini. “Mwachie baba yako.”

Tairi za kushoto zikagusa nyasi polepole.

Xavery akashuka, akawapita wakubwa bila salamu.

“Tadea, nani alikuwa anacheka mle ndani?”

Akamweleza yote palepale, watu wakisikia. Xavery akakaa chini kwenye nyasi, akalia kwa sauti.

Mtoto alizaliwa salama, wakamwita Ottilia. Ule ubao baba yake aliupasua kuni. Landrova aliiendesha miaka kumi na mmoja zaidi, tairi zote nne chini, na kila asubuhi kabla ya kuwasha alingoja kwanza mlango wa kushoto ujifunge. Naye Tadea, akitaka kupanda, alipiga hodi.