Askari wa Neno Moja

Nilitoka Usoke kwa ajili ya kaburi. Bibi alitaka kaburi la baba yake lichorwe neno "Askari". Shemeji yake Mzee Kulwa, ambaye ndiye fundi wa kulijengea, alikataa. Alidai marehemu hakwenda vitani, alijificha katika msitu wa Usinge akirina asali.

"Lete karatasi ya jeshi kabla saruji haijakauka," aliniambia, "la sivyo nachora mzinga wa nyuki."

Saa kumi na mbili asubuhi bibi alinisindikiza kwenye basi. "Mume wangu," alisema kwa utani wa bibi na mjukuu, "baba alikwenda vitani na neno moja tu la Kiswahili, akarudi nalo hilohilo. Wewe mwenye digrii utashindwa?"

Njia nzima nilijiuliza nitamwambia nini mlinzi wa lango la jeshi. Nikitaja nyaraka za jeshi, ataniona jasusi. Nikitaja kaburi, ataniona muuaji.

Saa nne, Tabora. Pale mtaa wa Kanyenye nilitoa nakala sita za kitambulisho, nisije nikaambiwa zinatakiwa tano.

Langoni kwenye hifadhi ya nyaraka za jeshi, koplo alifungua daftari la wageni bila kuzitazama nakala zangu. "Jina?"

"Shikamoo."

Akaandika. "Shikamoo nani?"

"Shikamoo, afande."

Akaandika na hilo. Sikumsahihisha, huenda kufuta daftari la jeshi ni kosa.

Ndani, mama mtunza nyaraka alipekua hadi saa saba. "Wa Usoke ni mmoja tu, mwanangu. Anaitwa Marahaba."

"Hilo si jina, mama."

"Wewe Shikamoo ndiye wa kusema?"

Nilimpigia bibi simu kuuliza lile neno moja. "Marahaba," alisema. "Kila aliyemsemesha Kiswahili, baba alidhani anaamkiwa."

Mama yule, aliyesikia yote, akacheka mpaka akavua miwani, akanigongea muhuri kwenye karatasi ya marehemu.

Saa kumi na moja jioni, Usoke. Saruji ilikuwa bado mbichi. Mzee Kulwa akasoma kwa sauti: "Askari Marahaba. Kazi: mzinga. Aliyepokea: Shikamoo Afande." Akaruka. "Mzinga! Si nilisema?"

"Mzinga wa kupigia watu, shemeji!" bibi akafoka.

"Wapi pameandikwa?"

Hapakuandikwa. Akachora "Askari", na chini yake kitu kirefu cha mviringo, chenye tundu mbele. Bibi anaona silaha. Mzee Kulwa anasubiri nyuki.

Nilichojifunza ni kwamba jeshi huandika linachosikia. Tangu siku ile nawaza mjukuu wangu atakuja kunitafuta kwa jina gani.